Dawa ya wadudu iko uani: Bustani za Sekei zinavyoweza kulindwa bila sumu

Na Mwandishi Wetu, Arusha

WAHENGA walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mkazi wa Sekei aliyepanda matuta mawili ya sukuma wiki na tuta moja la nyanya kando ya migomba yake, msemo huo hauhitaji ufafanuzi. Adui wa mboga zake amejificha chini ya jani lile lile analotarajia kulichuma jioni kwa ajili ya chakula cha watoto.

Sekei ni miongoni mwa kata za Jiji la Arusha zilizo kwenye miteremko ya Mlima Meru. Udongo wake wa volkano una rutuba, na mvua za masika na vuli huwapa wakazi nafasi ya kulima hata kwenye kipande kidogo nyuma ya nyumba. Mchicha, mnavu, figiri, sukuma wiki, maharage na nyanya huonekana katika nyua nyingi. Sehemu ya mboga hizo huliwa nyumbani na nyingine huuzwa kwa mafungu kwa majirani au hupelekwa sokoni.

Hata hivyo, mazingira yanayostawisha mboga hustawisha pia wanaozila. Vidukari, viwavi, inzi weupe na utitiri huweza kuharibu tuta zima ndani ya muda mfupi. Mwenye bustani anapoona majani yamejikunja au kutobolewa, hatua ya kwanza kwa wengi ni kukimbilia duka la pembejeo na kuomba "dawa ya wadudu", bila hata kujua jina la mdudu anayemsumbua.

Makala hii inaeleza kwa nini hatua hiyo ya haraka mara nyingi huongeza tatizo badala ya kulimaliza, na ni njia zipi rafiki kwa mazingira ambazo mkulima mdogo anaweza kuzitumia kabla ya kufikiria chupa ya sumu.

Ukubwa wa tatizo

Matumizi ya viuatilifu katika mboga kaskazini mwa Tanzania yamefanyiwa utafiti. Mwaka 2007, Dk. Aiwerasia Ngowi, aliyekuwa mtafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu vya Ukanda wa Joto (TPRI) ya mjini Arusha, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya uchunguzi kuhusu wakulima wadogo wa mboga wa ukanda huu.

Uchunguzi huo ulionyesha kuwa asilimia 59 ya viuatilifu vilivyotumiwa na wakulima hao vilikuwa vya kuua wadudu. Takriban theluthi moja ya wakulima walikuwa wakichanganya dawa zaidi ya moja katika bomba moja la kupulizia. Aidha, asilimia 68 walisema waliwahi kujisikia wagonjwa baada ya kupulizia.

Takwimu hizo zinahusu wakulima wa mashamba, lakini zinamgusa pia mwenye bustani ya uani, tena kwa namna ya karibu zaidi. Shambani, nyanya iliyopuliziwa huweza kukaa siku kadhaa kabla ya kufika jikoni. Uani, sukuma wiki huchumwa kila baada ya siku chache, mara nyingi bila kuzingatia muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo ya dawa. Kuku hudonoa pale pale, watoto hucheza pale pale, na maji ya kuosha bomba humwagwa kwenye mfereji ulio karibu.

Mfereji huo nao una safari ndefu. Mto Themi, unaoteremka kutoka Meru na kupita jijini Arusha, ni sehemu ya bonde la Mto Pangani. Maji yake huelekea Kikuletwa, kisha Bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako watu huvua samaki. Kinachomwagwa kwenye mifereji ya mlimani kinaweza kuwafikia watu wengi walio mbali nasi.

Sumu inavyozaa wadudu zaidi

Kuna sababu mbili zinazofanya upuliziaji wa mara kwa mara ushindwe kuwamaliza wadudu.

Ya kwanza ni usugu. Miongoni mwa mamia ya wadudu wanaopuliziwa, huwapo wachache ambao kwa maumbile yao huihimili sumu. Wale dhaifu wanapokufa, hao wachache hubaki na kuzaana, na kizazi kinachofuata huwa kigumu zaidi kuua. Mfano maarufu ni nondo mdogo wa kabichi, anayeitwa kitaalamu Plutella xylostella, ambaye kiwavi wake ndiye hutoboa kabichi, sukuma wiki na figiri. Mwaka 1953 iliripotiwa kutoka kisiwa cha Java, Indonesia, kuwa nondo huyo ameizoea dawa ya DDT, miaka michache tu baada ya dawa hiyo kuanza kusifiwa duniani kote. Tangu wakati huo amezizoea dawa nyingine nyingi.

Sababu ya pili ni kuuawa kwa marafiki. Katika bustani yoyote kuna wadudu wasiokula mboga bali hula wanaokula mboga. Mende wadogo wa duara wenye mgongo mwekundu na madoa meusi, pamoja na watoto wao, hula makumi ya vidukari kwa siku. Buibui, vunjajungu na nzi wa maua wana kazi hiyo hiyo. Nyigu wadogo, wengine wasiozidi punje ya mtama kwa ukubwa, hutaga mayai ndani ya viwavi, na watoto wao humla kiwavi kutokea ndani.

Dawa nyingi za kiwandani haziwachagui hawa na wale. Zinapopulizwa hufa wote, lakini hawarudi kwa kasi moja. Vidukari jike huzaa bila kuhitaji dume, na watoto wao hukomaa baada ya siku chache. Mende na nyigu huchukua muda mrefu zaidi. Matokeo yake ni kuwa wiki mbili baada ya kupulizia, vidukari wamejaa tena na hakuna wa kuwala. Mkulima hupulizia tena, na mzunguko huo hauna mwisho.

Kinyume chake pia kimethibitishwa. Mwaka 2002, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, chenye makao yake Nairobi, kiliwaachia katika nyanda za juu za Kenya, ikiwamo Milima ya Taita, nyigu wadogo aina ya Diadegma semiclausum walioletwa kutoka Taiwan. Kazi yao ilikuwa kumshambulia kiwavi wa kabichi. Nyigu hao, wanaopenda maeneo yenye baridi, walienea na uharibifu wa kabichi ukapungua. Sharti lilikuwa moja, nalo ni kwamba mkulima asiwaue kwa dawa.

Mjue adui kabla ya kumpiga

Kwa mantiki hiyo, kazi ya kwanza ya mwenye bustani ni kukagua. Wataalamu wa udhibiti husishi wa visumbufu hushauri bustani ipitiwe angalau mara mbili kwa wiki, asubuhi, na majani yageuzwe upande wa chini, maana huko ndiko wadudu wengi hutaga na kujificha.

Majani ya juu yaliyojikunja na kunata ni dalili ya vidukari. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shina, usiwapuuze. Sisimizi hunywa utomvu mtamu unaotolewa na vidukari, na kwa sababu hiyo huwalinda dhidi ya wadudu wanaowala. Majivu yanayowekwa kuzunguka shina huwazuia, ingawa ni lazima yawekwe upya kila baada ya mvua.

Vitundu vidogo kwenye sukuma wiki, pamoja na kiwavi wa kijani anayejipindapinda na kuning'inia kwa uzi anapoguswa, ni kazi ya nondo wa kabichi. Mche uliokatwa usiku karibu na ardhi ni kazi ya sota. Ukifukua udongo kidogo kuzunguka mche huo asubuhi, mara nyingi utamkuta kiwavi mnene wa kijivu amejikunja, na dawa yake ni mkono tu.

Utando mwembamba chini ya majani ya nyanya, huku jani likigeuka manjano yenye vidoa, huashiria utitiri. Huyu hupenda ukavu, hivyo huzidi katika miezi ya joto kabla ya masika. Kumwagilia vizuri na kuondoa majani yaliyoathirika mapema humpunguza.

Kwa nyanya, adui anayeogopwa zaidi ni kantangaze, ambaye kitaalamu huitwa Tuta absoluta. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Alifika Hispania mwaka 2006, akasambaa Afrika, na mwaka 2014 akagunduliwa nchini Tanzania, katika Wilaya ya Arumeru, jirani kabisa na Sekei. Jina alilopewa na wakulima linajieleza, kwani anayevamiwa naye hasara yake hutangazika kijiji kizima. Jike mmoja huweza kutaga hadi mayai 260, na kiwavi wake huishi ndani ya jani na ndani ya tunda, mahali ambapo dawa ya kupulizia humfikia kwa shida.

Kinga ni bora kuliko tiba

Kwa kuwa kantangaze hawezi kufikiwa kwa urahisi, mfano wake unafundisha umuhimu wa kinga. Jani lenye michirizi mipana ya rangi ya maji au kahawia lichumwe mara moja, litiwe katika mfuko wa plastiki uliofungwa na kuanikwa juani, au lizikwe. Kulitupa kando ya bustani ni sawa na kumhamisha adui kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Nyanya zilizooza zisiachwe chini.

Jambo jingine ambalo wengi hawalifahamu ni kuwa nyanya, mnavu, bilinganya, viazi mviringo na ndulele ni ukoo mmoja. Kantangaze huweza kuishi katika mimea hiyo yote. Kupanda mnavu ubavuni mwa nyanya, au kuacha ndulele ziote kwenye ua, ni kumpa makazi ya kusubiria msimu ujao. Tuta lililovunwa nyanya lipandwe maharage, mchicha au vitunguu kabla ya kurudishiwa nyanya.

Kubadilisha mazao kwa namna hiyo husaidia pia dhidi ya minyoo fundo, wanaofanya mizizi iwe na vinundu na mmea kudumaa. Bangi mwitu, gugu lenye harufu kali linaloota lenyewe katika maeneo mengi ya Meru, ni la jamii ya maua ambayo mizizi yake hutoa kemikali zinazowadhuru minyoo hao.

Kitalu kifunikwe kwa chandarua chenye matundu madogo tangu siku ya kusia mbegu. Mche unaoanza maisha bila mayai ya wadudu huwa na nguvu ya kustahimili mashambulizi ya baadaye. Mbolea ya samadi iwe imeoza vizuri, na mbolea ya naitrojeni isizidishwe, kwa kuwa majani laini kupita kiasi huwavuta vidukari.

Aidha, pembeni mwa bustani paachwe maua. Giligilani iliyoachwa ichanue, shamari au alizeti huwapa nyigu na nzi wa maua chakula chao, na hivyo kuwafanya wakae karibu na mboga zinazohitaji ulinzi wao.

Magugu yaliyoshindana na dawa ya kiwandani

Ikiwa kinga imefanyika na wadudu bado wamezidi, ndipo dawa za mimea huingia. Hapa mkulima wa Arusha ana bahati, kwa sababu ushahidi wa kisayansi umepatikana katika ukanda wake mwenyewe.

Mwaka 2015, Prisila Mkenda, Patrick Ndakidemi wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyopo Arusha, na wenzao, walichapisha matokeo ya majaribio ya mimea minne inayoota ovyo kaskazini mwa Tanzania. Mimea hiyo ni alizeti pori, utupa, mtugutu na kichaka chenye harufu kali kiitwacho kitaalamu Lippia javanica. Maji yaliyolowekwa majani ya mimea hiyo yalipuliziwa kwenye maharage na kulinganishwa na dawa ya kiwandani ya kundi la pairethroidi.

Matokeo yalionyesha kuwa mimea hiyo ilidhibiti wadudu wakuu wa maharage kwa kiwango kinacholingana na dawa ya kiwandani. Tofauti kubwa ilionekana kwa wadudu rafiki, kwani mende wenye madoa na buibui waliathirika kidogo zaidi pale palipotumika mimea. Kwa upande wa fedha, ilibainika kuwa faida ya kutumia dawa ya kiwandani, gharama zikishaondolewa, haikutofautiana na ya kutopulizia kitu chochote, wakati mimea iliacha faida kubwa zaidi.

Kwa maneno mengine, mkulima aliyenunua dawa ya dukani alikuwa akimfanyia kazi muuza dawa.

Namna ya kutengeneza

Kipimo kikubwa kilichotumika katika majaribio hayo ni sehemu moja ya majani kwa kumi ya maji. Chuma majani ya alizeti pori, yaanike kivulini hadi yakauke, kisha yatwange yawe unga. Jua kali huharibu viambato vinavyofanya kazi, hivyo kivuli ni muhimu. Gramu 100 za unga hulowekwa katika lita moja ya maji, au kilo moja katika lita 10, pamoja na sabuni kidogo, takriban gramu moja kwa kila lita, ili maji yashike kwenye majani. Acha kwa saa 24, chuja kwa kitambaa safi na upulizie siku hiyo hiyo.

Upuliziaji ufanyike jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani na jua likiwa limepoa. Upande wa chini wa majani upewe kipaumbele. Dawa hizi hazikai muda mrefu kwenye jani, hivyo hurudiwa baada ya wiki moja, au baada ya mvua kubwa, lakini pale tu ukaguzi unapoonyesha kuwa wadudu bado wapo.

Kwa vidukari peke yao, mara nyingi sabuni inatosha. Kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya mche iliyokwanguliwa huyeyushwa katika lita moja ya maji. Jaribu kwanza kwenye majani machache na usubiri siku moja, kwa kuwa sabuni nyingine huunguza mmea.

Kwa viwavi, kuna pia dawa zinazotokana na bakteria aina ya Bacillus thuringiensis. Bakteria hao walipewa jina hilo nchini Ujerumani. Hudhuru viwavi wanaowala na kuwaacha mende na buibui. Anayezinunua ahakikishe zimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kurithi kazi za TPRI.

Cha asili si lazima kiwe salama

Ni vema tahadhari ikatolewa hapa, kwani wapo wanaodhani kuwa kila kinachotoka kwenye mmea hakina madhara. Utupa, kwa mfano, umetumika tangu zamani kuvulia samaki kwa sumu. Kwa sababu hiyo, maji ya utupa yasimwagwe kamwe kwenye mto au mfereji, na usipuliziwe kwenye mboga za majani zinazokaribia kuchumwa. Ufaao zaidi ni kwa maharage machanga.

Tumbaku ni hatari zaidi. Baadhi ya watu huloweka tumbaku na kupulizia mboga, ilhali nikotini iliyomo ni sumu kali inayoweza kupenya kwenye ngozi ya binadamu. Isitoshe, tumbaku huweza kubeba virusi vinavyoshambulia nyanya. Njia hiyo iachwe. Pareto nayo, ingawa huvunjwa haraka na mwanga wa jua, huua nyuki na wadudu rafiki sawa na wengine.

Anayepulizia dawa yoyote, hata ya majani, avae nguo za mikono mirefu, afunike pua na mdomo, na asitumie chombo cha jikoni. Mboga ziachwe siku kadhaa na zioshwe kwa maji mengi safi kabla ya kupikwa.

Wajibu wa mnunuzi

Njia hizi zina gharama yake, nayo ni muda. Kugeuza majani mara mbili kwa wiki, kuokota viwavi, kukausha na kutwanga kunahitaji uvumilivu ambao chupa ya dukani haiudai. Pia hazitoi mboga isiyo na doa. Lengo lake si kumuua kila mdudu, kwa kuwa bustani isiyo na kidukari hata mmoja haiwezi kuwa na mende wa kumla kidukari atakayekuja kesho.

Hapo ndipo mnunuzi anapoingia. Mama anayepeleka mboga Soko la Kilombero anajua kuwa fungu lenye matundu hubaki chini, na lile linalong'aa huondoka kwanza. Akirudi nyumbani na mboga zake, msimu ujao atapulizia kama wengine. Kila anayelikataa jani kwa sababu lina kitundu kimoja anamsukuma mkulima kununua sumu ambayo hatimaye itaishia kwenye sahani ya mnunuzi huyo huyo.

Maofisa ugani wa kata, pamoja na taasisi za utafiti zilizopo Tengeru na Ngaramtoni, wako umbali mfupi kutoka Sekei. Elimu waliyonayo ikifika uani, na mnunuzi akalikubali jani lenye kitundu, alizeti pori inayofyekwa kila mwaka kama gugu inaweza kuwa ulinzi wa mboga na wa wale wanaozila.